Zilipendwa: Nyimba za Ujana Wetu na Kumbukumbu ya Mkristo



Neno letu la leo limo katika Zaburi ya 77, mstari wa 5 na wa 6. Mtunga zaburi alikuwa katika taabu. Usingizi ulimpotea, na kuomba kwenyewe kulikuwa kugumu. Basi akaanza kuzifikiri siku za kale na miaka iliyopita, na katika giza lile akaukumbuka wimbo wake. Nataka tukae hapo kidogo, maana nadhani kila mtu mzima anayenisikia anajua usiku wa namna hiyo, na anao wimbo wa namna hiyo.

Mwezi wa Desemba uliopita tulikutana watu saba tuliosoma pamoja shule ya upili. Mmoja wetu sasa ni mwalimu mkuu, mmoja ni muuguzi, mmoja huendesha matatu, na wengine ni wakulima na wafanya biashara. Baada ya chakula mwenye nyumba akasema kila mtu ataje wimbo mmoja alioupenda katika ujana wake, auimbe kidogo, kisha aeleze kwa nini. Tulicheka sana, na wawili walilia. Zamu yangu ilipofika, mmoja akanitania: "Na wewe, Pasta, ama wewe ulizaliwa na kitabu cha tenzi mkononi?" Mimi nikataja wimbo wa kitabuni. Ni wimbo mzuri, nami naupenda. Lakini wimbo ulionijia kwanza haukuwa huo. Niliuficha. Tangu siku ile jambo hili limenisumbua, na ndiyo sababu leo nazungumza juu yake.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna jina zuri kwa nyimba za zamani. Twaziita zilipendwa. Jina hilo halisemi kwamba nyimba zile zilikuwa bora kuliko za leo. Lasema tu kwamba kulikuwa na watu waliozipenda. Basi tuulize: nyimba hizi zilitoka wapi, na zilitufikiaje?

Nyingi zilizaliwa na watu waliokuwa mbali na nyumbani. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wetu wengi waliingia katika King's African Rifles. Wakapelekwa Ethiopia, Madagascar, na mwaka 1944 wakapigana katika misitu ya Burma. Kijana wa Ukambani alilala hema moja na kijana wa Unyasa au wa Uganda, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Jeshi lilikuwa pia na vikundi vya kuwaburudisha askari. Mmoja wa vijana waliokwenda Asia kwa kazi hiyo ni Fundi Konde, Mgiriama wa pwani aliyezaliwa mwaka 1924. Aliporudi akawa mmoja wa wapiga gita na waimbaji wa kwanza wa Kenya kujulikana kila mahali kwa sahani za santuri.

Vijana wa leo hawazijui sahani zile. Zilikuwa nzito, nyeusi, za kuvunjika kama kigae. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Mtu mwenye gramafoni kijijini hakusikiliza peke yake. Majirani walikuja, wakaketi uani, na mwenye nyumba akazungusha mkono wa chombo. Kwa hiyo tangu mwanzo wimbo ulikuwa kitu cha kugawana, kama maji ya kisima.

Nyimba zilivuka mipaka pia. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili cha Kongo. Mwishoni mwa miaka ya hamsini alikuja Nairobi, na upigaji wake wa gita ukaigwa na vijana wengi wa Kenya. Kisha wakafuata kina Fadhili William, Mtaita, na Daudi Kabaka. Karibu na wakati wa Uhuru wa mwaka 1963 hakukuwa na mji wala soko ambalo halikuwasikia.

Lakini chombo kilichogeuza nyimba hizi kuwa salamu ni redio. Utangazaji ulianza nchini mwetu mwishoni mwa miaka ya ishirini, nao ulikuwa kwa ajili ya walowezi. Baadaye, hasa kuanzia wakati wa vita, Waafrika walianza kutangaziwa kwa lugha zao. Mwaka 1964 shirika likawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudia jina la KBC. Je, mwakumbuka vipindi vya salamu? Mtu aliandika barua au alijaza kadi, akataja wimbo, kisha akaorodhesha majina: mjomba aliyeko Nakuru, shemeji aliyeko Voi, rafiki wa zamani aliyeko Kisumu, na wote wanaomfahamu. Mtangazaji aliyasoma majina yote kwa subira, halafu wimbo ukapigwa. Katika dakika zile tatu watu waliotawanyika na kazi, na ndoa, na umaskini, walikuwa tena katika chumba kimoja.

Nimewahi kusikia wahubiri wakidharau salamu zile kuwa ni upuzi. Mimi nauliza: mwisho wa Waraka kwa Warumi, mlango wa 16, una nini? Una orodha ndefu ya salamu. Mtume Paulo hakuona aibu kutaja jina baada ya jina. Mtu akitajwa jina lake hujua kwamba hajasahauliwa.

Sasa niwaambieni habari za nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa kijana mwenye kazi Nairobi katika miaka ya sitini. Mama alikuwa msichana kijijini. Mwaka 1965 baba aliandika barua kwa redio, akaomba wimbo mmoja wa mapenzi wa Fundi Konde, akataja jina la mama. Redio ya karibu ilikuwa dukani, penye soko. Mama alikuwa amekwenda kununua chumvi, akasikia jina lake mbele ya watu wote. Alitusimulia kwamba aliona haya hata akaiacha ile chumvi, akakimbia nyumbani. Lakini alicheka kila mara aliposimulia. Mwaka uliofuata wakaoana.

Hata hivyo nyimba zile zilikuwa na upande mwingine. Baba alizisikiliza nyumbani, na alizisikiliza baani pia. Mshahara ukaishia huko. Aliporudi usiku, mama alijua kwa sauti ya wimbo mlangoni kwamba mwezi ule hakutakuwa na karo.

Mwaka 1974 baba aliokoka katika ushirika wa ndugu wa uamsho. Wengi wenu mwaijua historia ya uamsho huo. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church wa Gahini, Rwanda, walikutana Kampala, wakaketi pamoja na Biblia zao na kuomba. Moto ulioanza miongoni mwa watu wachache wa Rwanda na Uganda ulienea, na mwaka 1937 kikundi cha mashahidi kikafika Kabete. Kutoka hapo habari ziliingia Ukikuyuni, Ujaluoni, Ukambani, Utaita na kwingineko. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo, tena walikataa kushika bunduki, na baadhi yao waliuawa.

Uamsho nao ulitembea kwa wimbo. Mwaujua: Tukutendereza Yesu. Asili yake ni utenzi wa Kiingereza wa karne ya 19, ukageuzwa kuwa Kiganda, na kwa Kiganda hicho hicho ukaimbwa na Wakikuyu, na Wajaluo, na Wataita ambao hawakujua neno jingine la lugha ile. Mtu aliposimama na kuungama dhambi zake nuruni, ndugu waliuimba. Walipokutana njiani au katika kituo cha gari la moshi, waliuimba na kukumbatiana. Mzungu na Mwafrika waliuimba pamoja katika siku ambazo hawakuweza kuketi katika hoteli moja.

Basi wiki ile ile aliyookoka, baba alizitoa sahani zake za santuri, kumi na moja, akazipeleka nyuma ya nyumba na kuzivunja kwa jembe. Hakuwa peke yake. Ndugu wengi walifanya hivyo, kama wale wa Efeso waliochoma vitabu vyao katika Matendo 19. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nilikua katika nyumba isiyokuwa na baa, isiyokuwa na ngumi, yenye karo iliyolipwa kwa wakati. Kwa hiyo sitathubutu kumhukumu baba yangu kwa sahani kumi na moja. Kwake yeye nyimba zile zilikuwa na harufu ya pombe. Alifanya alilopaswa kufanya.

Lakini mama hakuvunja kitu. Kwake yeye wimbo ule wa Fundi Konde ulikuwa chumvi iliyoachwa dukani. Wimbo ni mmoja, kumbukumbu ni mbili. Kwa miaka zaidi ya arobaini hakuuimba, kwa heshima ya mumewe.

Baba alipofika miaka themanini akili yake ilianza kufifia. Alisahau siku, kisha njia ya kwenda kanisani, kisha majina yetu. Wanaowatunza wazee wa namna hii wanajua, nao wataalamu wameliandika, kwamba nyimba za ujana ni miongoni mwa vitu vinavyokawia kuondoka. Mtu asiyeweza kutaja jina la mwanawe aweza kuimba beti zote za wimbo aliojifunza akiwa na miaka ishirini.

Jioni moja nilikuwa nimeketi naye, na mama alikuwa anamenya viazi. Baba akaanza kuimba kwa sauti ndogo. Haukuwa utenzi. Ulikuwa wimbo ule wa mwaka 1965. Mama akanyamaza, kisu mkononi. Halafu naye akaanza kuitikia, taratibu, na baba akageuka kumtazama kama mtu aliyemtambua.

Mimi nilifanya nini? Niliona aibu. Nilivaa kola yangu, na nje walikuwako wazee wa kanisa waliokuja kumjulia hali. Nikasema: "Baba, hebu tuimbe wimbo wa Bwana." Nikaanzisha Tukutendereza kwa nguvu, nikaufunika wimbo wao. Baba akanyamaza. Akanifuata kidogo, kisha macho yake yakarudi mbali. Wageni walipoondoka mama akaniambia, bila hasira: "Mwanangu, wewe ni pasta wa watu, nami nakuheshimu. Lakini alikuwa amenirudia, nawe umemfukuza."

Baba hakuuimba tena wimbo ule. Alilala katika Bwana miezi miwili baadaye.

Wapendwa, nimesoma chuo cha theolojia, nimehubiri juu ya kumbukumbu mara nyingi. Lakini mafundisho yangu juu ya jambo hili niliyapata katika jiko la mama yangu, na niliyapata nikiwa nimechelewa. Nimeyarudia Maandiko tangu siku ile, nami nimeona mambo matatu.

La kwanza: kuna kumbukumbu inayotuharibu. Katika Hesabu 11 Waisraeli jangwani walikumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu. Hawakukumbuka mjeledi wala matofali. Kumbukumbu yao ilichagua ladha, ikaacha minyororo. Mhubiri naye, mlango wa 7, atuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi, maana si kwa hekima tunauliza hivyo. Ukisema, "Nyimba za zamani ndizo nyimba, vijana wa leo wanapiga kelele tu," umekwisha kuingia katika kosa hilo. Wazazi wetu waliambiwa maneno hayo hayo juu ya Fadhili na Kabaka.

La pili: si kila wimbo usiotaja jina la Mungu ni adui wa Mungu. Fungueni 2 Samweli 1. Daudi amepata habari ya kifo cha Sauli na Yonathani rafiki yake. Akatunga wimbo wa maombolezo, akaamuru wana wa Yuda wafundishwe. Usomeni kutoka mstari wa 19 mpaka wa 27. Waimba milima, na upinde, na upendo wa rafiki. Jina la Mungu halimo hata mara moja. Hata hivyo Roho Mtakatifu ameutunza katika Biblia, nasi twausoma kanisani. Urafiki, na uchumba, na kilio cha aliye mbali na kwao, ni mambo ya watu ambao Mungu aliwaumba. Wala Mungu mwenyewe hadharau uwezo wa wimbo. Katika Kumbukumbu la Torati 31 alimwagiza Musa auandike wimbo na kuwafundisha watu, kwa kuwa alijua kwamba wimbo utabaki vinywani mwa watoto wao wakati mengine yamesahauliwa.

Na ndivyo ilivyo. Inasimuliwa juu ya wale vijana watatu Wakristo wa Buganda, waliouawa kwa moto tarehe 31 Januari 1885, kwamba katika saa yao ya mwisho waliimba wimbo wa sifa waliofundishwa na wamisionari, tena kwa Kiswahili. Walikuwa wavulana, na wimbo ule ulikuwa ndio wimbo wa ujana wao. Kitu ulichokiimba na rafiki zako ukiwa kijana ndicho kinywa chako kitakachokitafuta siku ya shida. Kwa hiyo, enyi wazazi na walimu wa shule ya Jumapili, tazameni mnawapa watoto nini cha kuimba.

La tatu ni la haki, nalo halisemwi sana. Twagawana nyimba kwa furaha, lakini je, twamkumbuka aliyeimba? Wimbo Malaika, unaosimulia kijana aliyekosa mali ya kuoa, ulipata sifa kwa sahani aliyoirekodi Fadhili William. Wengine husema aliyeutunga ni Adam Salim, na ubishi huo haujakwisha. Umeimbwa na Miriam Makeba, na kikundi cha Boney M, na wengine wengi duniani. Wimbo wa Daudi Kabaka, Helule Helule, uliimbwa Uingereza na The Tremeloes mwaka 1968. Lakini Fundi Konde alipofariki mwaka 2000, na Fadhili na Kabaka mwaka 2001, hakuna kati yao aliyeacha utajiri unaolingana na furaha aliyoigawa. Mtume Yakobo, katika mlango wa 5, asema kwamba ujira wa wafanya kazi uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na ni vema. Lakini Mkristo hangoji polisi. Anayenakili kanda au sahani ya kwaya ya kanisa jirani na kuiuza, naye amezuia ujira, hata kama nyimba ni za Injili.

Basi tufanye nini? Jioni hii, ikiwa nyumbani kwako yumo mzee, mwombe akuimbie wimbo wa ujana wake, na umwulize ulimkuta wapi, na alikuwa pamoja na nani. Usimsahihishe. Usiuharakishe kuwa utenzi. Msikilize mpaka mwisho, kisha muombe pamoja. Ikiwa una rafiki wa zamani ambaye hamjasemezana kwa miaka mingi, pengine mlikosana, mpelekee salamu, na umtajie wimbo mliouimba pamoja. Mlango ambao maneno hayakuweza kuufungua, wimbo waweza kuufungua. Na ikiwa wimbo fulani kwako ni njia ya kurudi baani, uvunje kama baba yangu alivyovunja, wala usimlazimishe mwenzako avunje wa kwake. Warumi 14 yatosha kutufundisha hayo.

Mimi nilimwomba mama msamaha. Alinisamehe, akaniambia nimletee viazi, tukamenya pamoja. Nikamwomba aniimbie wimbo wote. Aliimba, na alipofika mwisho alianza mwenyewe, bila mtu kumwambia, kuimba Tukutendereza. Hazikugombana nyimba zile mbili. Zilikaa katika moyo mmoja wa mwanamke mmoja aliyempenda Bwana na kumpenda mumewe.

Desemba ijayo tukikutana tena, wenzangu wakiniuliza, nitautaja ule wa kwanza.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayezijua siku zetu zote, twakushukuru kwa rafiki za ujana wetu, na kwa nyimba ulizotujalia kugawana nao. Utusamehe tulipotamani Misri. Utusamehe tulipowanyamazisha wazee wetu kwa kuogopa watu. Uwakumbuke waimbaji waliosahauliwa na watu. Na siku akili zetu zitakapofifia, wewe usitusahau, bali utuite kwa majina yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.